Doa Nyuma ya Bibi Arusi

Jumanne ile mvua ilitukalisha ndani tangu asubuhi. Mimi nilikuwa natoa maharage kwenye maganda, na mjukuu wangu Gatesi alikuwa mezani na kompyuta yake, anatengeneza picha za harusi ya Jumamosi. Napenda kukaa karibu naye wakati wa kazi hiyo. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kule Masisi, Congo, kabla hatujarudi Rwanda, lakini picha haikuulizi umesoma mpaka wapi. Unatazama tu. Huyu bibi arusi kavaa nini, yule mama mkwe mbona kanuna, mtoto wa kubeba maua analia juu ya nini.

Gatesi anafanya kazi kwa Ndahiro, mpiga picha ambaye maharusi wengi wa Gisenyi wanamjua. Jumamosi wakitoka kanisani wote wanashuka ziwani, kwenye ile barabara ya miti mirefu chini ya mahoteli, na kila bwana harusi anataka ziwa lionekane nyuma yake kama ni shamba la baba yake. Halafu Gatesi anakuja na picha nyumbani anazisafisha. Chupa ya plastiki, anafuta. Pikipiki iliyopita, anafuta. Anapitisha kidole, na pale palipokuwa na kitu panakuwa majani au maji, safi kabisa.

"Tate, angalia." Ananiita Tate, ndivyo sisi tuliotoka Congo tunavyowaita bibi na babu. "Hii gauni muzuri, hapana?"

"Iko muzuri. Lakini bwana yake amesimama kama mutu anangoja kuchomwa sindano."

Akacheka. Akapitisha kidole chini ya ukuta, upande wa kushoto wa gauni, kufuta doa. Nikaliona lile doa nusu limekwenda, nusu bado lipo, na mikono yangu ikaacha maharage.

"Ngoja. Rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Ile unafuta."

"Tate, ni mutu tu, amelala."

"Gatesi, rudisha."

Akabonyeza. Doa likawa kitenge, kitenge kikawa mtu aliyelala ubavu, kageukia ukuta. Uso haukuonekana. Kilichoonekana ni kichwa, na kichwani ngata.

Ngata kila mtu anaijua, ule mviringo wa majani ya mgomba ambao mwanamke anaweka kichwani chini ya mzigo. Lakini nani analala na ngata kichwani? Na ngata hii ilikuwa na mkia. Kwa nyuma ya sikio palining'inia msuko mrefu kama kidole. Katika maisha yangu nimemjua mwanamke mmoja tu anayeacha mkia kwenye ngata yake, ili akishusha beseni peke yake auvute, ngata isimwangukie kwenye matope. Sisi wengine tulimcheka. Tulimwambia, Mukashyaka, ngata yako iko na mkia kama panya.

Miaka kumi na nne tulivuka mpaka pamoja, Mukashyaka na mimi. Saa kumi na mbili asubuhi tuko kwenye foleni ya barrière ya mpakani, yeye na beseni lake la karoti, mimi na kabichi zangu, tunaingia Goma, tunauza, tunarudi. Mzigo wangu ukinishinda alinitua, wake ukimshinda nilimtua. Mwaka 2023, maji ya mto Sebeya yalipobeba nyumba za watu, ya kwake ya Mahoko ilikwenda pia, akaja kwangu na lile beseni na nguo alizovaa. Akakaa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano.

Kwetu mgeni haulizwi siku ya kuondoka. Ukimuuliza umemfukuza, hata kama umemuuliza ukiwa unamjazia sahani. Hilo nalijua tangu utoto. Lakini nyumba yangu ni vyumba viwili, na asubuhi moja, kwenye chai, nikasema kwa sauti nzuri kabisa: "Rutagengwa wako atakuja kukuchukua lini?" Rutagengwa ni mtoto wake wa Kigali. Akajibu, "Karibu tu, Mama Gwiza." Kesho yake nikaamka nikakuta godoro limekunjwa, beseni halipo. Watu wakiniuliza nikasema amekwenda kwa mtoto wake. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka nikaamini.

"Gatesi," nikasema, "huyu mutu ulimuona lini?"

"Jumamosi. Lakini hata siku za nyuma alikuwa pale."

"Nyuma ya lini?"

Akafungua picha za zamani, zile ambazo hazijasafishwa. Ndahiro hakubali zifutwe mpaka maharusi walipe pesa zote, na siku hiyo nilimshukuru kwa roho yake ngumu. Gatesi akazipanga moja baada ya nyingine, Jumamosi sita.

Jumamosi ya kwanza alikuwa ameketi wima chini ya ukuta, beseni mbele yake, macho kwenye kamera. Alikuwa yeye. Amekonda, lakini yeye. Ya pili, beseni halipo. Ya tatu, mguu wa kulia umefungwa mfuko wa plastiki. Ya nne, ya tano, mguu umevimba mpaka plastiki imepasuka, naye ameegemea. Ya sita ndiyo hii, amelala. Mbele yake kila mara gauni jeupe, meno, maua, watu wanacheka.

"Na zote ulimufuta?"

"Njo kazi, Tate. Ndiyo kazi yangu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ukiwa unafuta hauone mutu. Unaona doa."

"Ya ine. Rudi ku ya ine."

Jumamosi ya nne ilikuwa ya umuganda, ile ya mwisho wa mwezi tunapofanya usafi wote. Asubuhi Ndahiro alimtuma Gatesi apige picha za watu wakifanya kazi ziwani, harusi zije baadaye. Mimi umri wangu unaniruhusu kubaki nyumbani, lakini nakwendaga. Sasa kwenye picha ya asubuhi ile kulikuwa na watu kumi na fagio, na mmoja wao, mgongo umeinama, kitambaa cha kijani kichwani, alikuwa mimi.

Nilikuwa nafagia karibu na ukuta. Mbele ya fagio langu kuna mtu amejifunika kitenge mpaka usoni, na mguu wa plastiki umenyanyuliwa juu kidogo, nipitishe fagio chini yake.

Nikakumbuka. Nilikuwa nimesema, "Pardon mama, inua mguu kidogo." Akainua. Nikafagia, nikasema aksanti, nikaenda zangu.

Gatesi akaikuza picha. Pembe moja ya kitenge ilikuwa imefunguliwa, na ndani yake jicho moja linanitazama.

Nikayaweka maharage chini, nikasimama.

"Leta mwavuli," nikasema. "Na ile simu yako. Twende."

"Ndahiro anangoja hizi picha saa kumi na moja. Bibi arusi amekwisha kupiga simu mara tatu."

"Bibi arusi iko na bwana. Twende."

Tukapanda pikipiki mbili mpaka ziwani. Njia nzima nilikuwa nahesabu. Picha ni ya Jumamosi. Leo Jumanne. Katikati hapo usiku tatu, na zote zilikuwa za mvua. Mtu mwenye mguu ule, usiku tatu za mvua ni nyingi.

Chini ya ukuta hapakuwa na mtu. Palikuwa na kadibodi iliyolowa, na alama kwenye rangi ya ukuta pale mgongo ulipokuwa unaegemea. Nikaigusa ile kadibodi kama vile ingekuwa bado na joto.

Kwenye lango la hoteli lililo jirani alikuwa mlinzi kijana, mmoja wa waliorudi kutoka Tanzania. Unawajua kwa salamu yao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta mama mmoja, alikuwa anakaa pale."

"Pale wapi?"

"Pale. Hatua kumi kutoka kwa mguu yako."

"Bibi, mimi nipo hapa toka mwezi wa nne, sijaona mtu anayekaa pale."

Gatesi akamwonyesha simu, ile picha ya Jumamosi. Mlinzi akaishika kwa mikono miwili, uso ukamng'aa. "Ah! Hii harusi naikumbuka! Walikuja na magari manane, bibi arusi ni mtoto wa mwenye duka la saruji. Mzuri sana."

"Angalia nyuma yake."

"Nyuma yake ziwa."

"Pembeni."

Akatazama tena, akarudisha simu. "Sijui, bibi yangu. Mimi nalinda magari. Watu siwalindi."

Tukaenda kwa kijana wa vocha, chini ya mwavuli wake wa manjano. Yeye naye akaona gauni. "Ni ya kukodi hii, hapana? Naijua, wiki iliyopita ilivaliwa na mwingine." Gatesi akamwambia sio gauni, ni mama huyu, huyu hapa. "Mama gani? Mukecuru," akaniambia, yaani bibi kizee, "hapa banapita watu elfu. Mi naangalia simu, siangalie watu." Na katika picha ile ile, yule kijana mwenyewe alikuwepo! Mwavuli wake wa manjano ulikuwa karibu na kichwa cha Mukashyaka, unamnyima jua au unampa kivuli, sijui.

Dereva wa pikipiki akasema suti ya bwana harusi imembana. Mama mmoja wa kufagia barabara akauliza harusi ilikuwa ya kanisa gani. Mvua ikaongezeka. Nikaanza kumuuliza mtu yeyote, hata waliokuwa wanakimbia mvua, nikawashika mkono, na wao wakatoa mkono wao taratibu kama unavyojitoa kwa mlevi. Simu ya Gatesi ikalia. Ndahiro.

"Gatesi, picha ziko wapi? Bibi arusi analia huku!"

"Patron, dakika kidogo."

"Dakika gani? Saa kumi tayari!"

Akakata. Gatesi akabaki anaitazama simu, maji yanamtiririka usoni, na nikaona anafikiri. Mjukuu wangu akifikiri anauma mdomo wa chini, hivyo tangu mdogo.

"Tate, habatamuona."

"Juu ya nini?"

"Juu gauni iko pale. Mutu akiona gauni jeupe, macho yake haiendi tena mahali ingine. Njo tunavyopangaga picha. Ngoja."

Tukasimama chini ya paa la kibanda. Akapangusa kioo na sketi yake, akaanza kupitisha kidole kwenye simu. Bibi arusi akaondoka kuanzia kichwani, taji, uso, mabega. Ile gauni ya kukodi ikaliwa polepole ikawa ukuta na majani. Bwana harusi akafuata, kisha wasimamizi, maua, mtoto wa maua. Mwisho ukabaki ukuta, ziwa, na mwanamke mmoja amelala na ngata kichwani. Picha nzima ikawa yake.

Tukarudi kwa mlinzi. Hakuishika kwa mikono miwili safari hii. Aliinama tu akatazama.

"Si Mama Ngata huyu!" akasema. "Mbona hamkusema toka mwanzo?"

"Unamjua?"

"Nani asiyemjua Mama Ngata? Kila siku asubuhi ananisalimia."

Yule wa vocha akaja kuchungulia naye. "Eh, Mama Ngata! Njo yeye munatafuta? Bon, muulize Claudette."

Kumbe walikuwa wamempa hata jina. Sikujua nicheke au nimpige mtu mwavuli.

Claudette anachoma mahindi kwenye kona, mwanamke mnene mwenye vitenge viwili, kimoja chake, kingine cha kufunika moto mvua ikija. Alitazama picha, akapangusa mikono.

"Alikuwaka hapa mpaka juzi Jumapili, Siku ya Mungu," akasema. "Mvua ilimupiga sana. Nilimupelekea hindi, hakukula. Nikamwambia mama, kula. Akasema weka tu. Baadaye nikamuona anavuta mguu anapanda kule, ku ile nyumba ya ghorofa haijaisha. Alikuwa anashika ukuta kama mutoto anajifunza kutembea."

"Na haukumwambia mutu?"

"Nimwambie nani, Mama? Kila mutu alikuwa anamuona."

Hakusema kwa ubaya. Aligeuza hindi lake, akageuza na uso.

Kutoka kona ile mpaka kwenye lile jengo ni mwendo wa dakika tano kwa mtu mzima wa miguu. Nilihesabu hatua nikiwaza yeye alizipita vipi. Tope lilikuwa jekundu, na mimi natafuta alama ya mguu unaovutwa, lakini mvua ilikuwa imefuta zote.

Mafundi walikuwa wamejikinga chini, wanne, wanacheza karata juu ya mfuko wa saruji.

"Mwiriwe," nikasalimia. "Kuna mama mugonjwa hapa?"

"Ule bibi? Iko nyuma ya huu ukuta," mmoja akasema bila kuacha karata. "Hana shida, mukecuru. Hasumbue mutu."

"Tangu lini hasumbue?"

"Leo asubuhi hatukumusikia."

Yebabawe, Mungu wangu. Sijui miguu yangu ilinipitisha vipi ule ukuta. Kulikuwa na giza la saruji mbichi, mbao zimepangwa, na nyuma ya mbao kitenge. Kabla sijafika, harufu ya mguu ilinifikia. Nikapiga magoti. Nikaogopa kumgusa, maana ukigusa unajua, na mimi nilikuwa nataka kukaa bado kidogo bila kujua.

Gatesi ndiye aliyeweka mkono. "Tate, iko na moto. Ni moto sana."

Homa. Sijawahi kuifurahia homa ya mtu kama siku ile.

"Mukashyaka," nikaita. "Mukashyaka, ni mimi. Mama Gwiza."

Kitenge kikasogea. Macho yakafunguka, yakanitafuta, yakanipata.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe je, umekuwa bibi arusi?"

"Usinishike. Ninanuka."

"Hata zile kabichi zangu za Goma zilikuwa zinanuka, na ulinitua kila siku."

Alitaka kucheka ikawa kikohozi. Nikamnyanyua kichwa, nikampa maji ya chupa ya Gatesi, akameza mara mbili tu. Nikamuuliza kuhusu Rutagengwa. Akasema alimkuta, ndiyo, chumba kimoja na mke na watoto watatu, akakaa mwaka na nusu, halafu yule mtoto akapata kazi mbali zaidi, akaondoka na familia, akasema, Mama, nitakutumia ujumbe. Simu yake haikuita tena.

"Na kwangu? Kwangu Mbugangari ni mbali na ziwa? Hukujua mlango wangu?"

Nje mafundi wakacheka juu ya karata.

"Nilifika mpaka ku mulango," akasema. "Mara mbili. Mkono ukakataa kubisha. Ningesema nini, ungeniuliza tena nitaondoka lini."

Nilimpangusa uso kwa kitambaa changu, nikaendelea kupangusa hata palipokuwa pakavu.

"Basi nikaenda ku ziwa," akasema. "Nikaona kila Jumamosi bale ba picha banakuja pale pale ku ukuta. Nikakaa nyuma yao. Nilikuwa nasema, picha inaingia mu nyumba ya watu bila kubisha hodi. Labda moja itafika kwa mutu ananijua. Nikaacha ngata ku kichwa, juu uso imebadilika. Ngata haikubadilika." Akavuta pumzi. "Jumamosi sita. Hakuna mutu alikuja. Nikajua picha zao ni mubaya, mi sionekane."

Gatesi alitoa sauti kama mtu aliyejikata kidole. Akasimama akatoka nje, na nilifikiri amekwenda kulia. Aliporudi alikuwa anasukuma toroli ya mafundi, na nyuma yake sauti inapiga kelele, "Murudishe! Iko ya boss!"

Maana kwanza alikuwa amesimamisha pikipiki. Dereva wa kwanza alimchungulia Mukashyaka kutoka mbali, akasema kofia yake ya abiria itachafuka. Wa pili akasema anamngoja mteja, akaondoka peke yake. Basi ikawa toroli. Tukaitandika mifuko mitupu ya saruji, tukambeba, mimi kichwani, Gatesi miguuni. Alikuwa mwepesi kuliko beseni lake la karoti. Nikamtoa ngata kichwani, nikaiweka chini ya kisigino cha ule mguu, usigongwe na chuma.

Hospitali iko juu ya kilima, na kilima cha Gisenyi hakina huruma. Gatesi alisukuma, mimi nilishika mwavuli kwa mkono mmoja na toroli kwa mwingine. Kila tundu la barabara Mukashyaka alifunga macho. Watu wakaanza kutazama. Wale ambao hawakumwona wiki sita, sasa wakasimama chini ya paa za maduka, na simu zikatoka mifukoni. Kijana mmoja akarudi kinyumenyume mbele yetu akimpiga picha, anacheka, "Mama anaenda na voiture yake, gari ya kwake!" Mwingine akasema, "Tabasamu, mukecuru!"

"Njoo usukume!" nikamwambia.

"Mi niko na viatu vizuri, Mama."

Katikati ya kilima mikono ya Gatesi ikaisha nguvu. Toroli ikasimama, ikaanza kurudi nyuma, mimi nikaweka mguu wangu kwenye gurudumu na nikahisi kifundo kinapinda. Nikapiga kelele. Hapo mkono mnene ukashika upande wa pili, na harufu ya mahindi ya kuchoma ikaja nao. Claudette alikuwa ameacha moto wake.

"Shika huku, mutoto," akamwambia Gatesi. "Moja, mbili, tusukume. Na wewe na simu yako, toka njiani kabla sijakupitisha gurudumu ku viatu!"

Tulifika saa kumi na moja na robo. Wakampokea haraka, hilo nawashukuru. Muuguzi mwanamke akafungua ile plastiki, akaita mwenzake, mwenzake akaita daktari, wakafunga pazia. Tukabaki kwenye benchi. Nilijaribu kusoma sauti zao nyuma ya pazia jinsi unavyojaribu kusoma mawingu.

Simu ya Gatesi ikalia, Ndahiro tena. Aliikata, akaandika kidogo, akatafuta picha ya Jumamosi, ile ya mwanzo ambayo haijafutwa kitu, gauni na bwana na ziwa na Mukashyaka amelala, akamtumia bibi arusi moja kwa moja. Hakupitia kwa Ndahiro. Jibu lilikuja mbio. Akanisomea.

"Aksanti, imetoka vizuri sana. Lakini muondoe ule mama."

Akaigeuza simu, akailaza kwenye benchi uso chini. Claudette alikuwa amekwisha kurudi kwenye mahindi yake.

Muuguzi akatoka na karatasi. "Wewe ni nani wake?"

"Ni mwenzangu."

"Mwenzako wa nini?"

"Wa beseni."

Akanitazama, akaandika dada. Akasema wameanza dawa ya homa, wamempa maji ya mshipa. Mguu, daktari atautazama vizuri kesho asubuhi. Kidole kimoja hakika kitakatwa. Vingine hawajui. Mguu wenyewe hawajui. Alisema hawajui mara mbili, kwa upole. Kisha akanifungulia pazia nimwone.

Alikuwa amevalishwa gauni la hospitali, jeupe, kubwa kwake. Macho yamefungwa. Bila ngata kichwa chake kilikuwa kidogo kama cha msichana.

"Donc, basi," nikamwambia muuguzi, "atatoka lini?"

Neno likatoka kabla sijalisikia. Nikalisikia likiwa tayari chumbani.

Mukashyaka akafungua jicho moja, lile lile.

"Mama Gwiza," akasema. "Bado unauliza tu."

"Nauliza," nikasema. "Safari hii nauliza juu ni mi nitakuja kukuchukua."

Jicho likajifunga, na sikujua kama amelala au amenikubali au ni homa tu.

"Tungoje kwanza moto ushuke, mukecuru," muuguzi akasema. "Kesho tutajua."

Nikakaa kwenye kiti. Ngata ilikuwa mapajani mwangu, imelowa, ule mkia umeanza kufunguka. Nikaanza kuusuka upya, polepole, nikisikiliza pumzi yake.